Inampendeza Nani?

Muulize fundi wa marumaru ni sakafu gani inafaa kwenye jiko lenye makabati ya mbao, naye atakujibu kabla hujamaliza swali. Mbao nyeusi, weka sakafu nyeupe. Mbao nyeupe, weka ya kijivu. Ukitaka jiko lionekane kubwa, chukua vigae vya sentimita 60 kwa 60 ili mistari iwe michache. Ukimuuliza kwa nini, atasema, "Inapendeza." Hapo mazungumzo huisha. Neno hilo likishatamkwa, ni vigumu kujua uulize nini tena.

Mimi nadhani kuna la kuuliza, na Kiswahili chenyewe kinatuonyesha wapi. Kitenzi hiki kinaweza kusimama peke yake bila kumtaja mtu. Gauni linapendeza, nyumba inapendeza, sakafu inapendeza, kana kwamba kupendeza ni mali ya kitu kama vile uzito au urefu. Lakini chomeka herufi moja tu, ile m ya yeye, na sentensi inageuka kuwa "inampendeza". Sasa inadai jina. Inampendeza nani? Anayeingia mara moja kwa mwaka kupongeza, au anayesimama hapo kila alfajiri akichemsha maji? Anayelipa, au anayedeki? Swali la sakafu na makabati huonekana kuwa la rangi tu, na kwa sehemu kubwa ni la rangi kweli. Ila herufi hiyo ikishaingia, limekuwa pia swali la haki.

Nina sababu ya kulifikiria hivi. Mwaka jana mimi na ndugu zangu wawili tulikubaliana kumtengenezea Mama jiko. Mama ni mwalimu mstaafu, ana miaka 71, na anaishi Tanga katika nyumba aliyoijenga chumba kimoja kimoja kwa mshahara na mikopo ya chama cha akiba. Makabati yake ni ya mvule, yaliyochongwa na seremala wa mtaani mwaka 1998. Bawaba zimebadilishwa mara mbili. Mbao ziko vilevile. Kilichochoka ni sakafu, saruji ya rangi nyekundu iliyopasuka karibu na sinki na kufifia pale miguu inapokanyaga zaidi. Kaka yetu angelipa, mdogo wetu angesimamia mafundi, na mimi ningetafuta ni kitu gani kiwekwe. Jambo moja zaidi linahitaji kujulikana. Mama ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji, la kushoto bado.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndiko kila mtu anakoanzia. Mafundi husema rangi mbili "zinaoana". Neno hilo lina busara. Kuoana kunahitaji wawili. Kwenye jiko la mbao, anayetafuta sakafu ya rangi ileile ya makabati hutafuta ndoa ya mtu mmoja, na matokeo yake huwa chumba chenye kahawia kutoka ukutani hadi miguuni, ambamo uzuri wa mbao wenyewe haujitokezi. Tofauti inahitajika. Lakini wawili hao wasiwe maadui pia. Mbao nyingi tunazotumia zina wekundu au umanjano ndani ya ukahawia wake. Mninga una michirizi myekundu, msaji una udhahabu, mvule nao umeanza maisha ukiwa na umanjano. Ukiweka chini yake kijivu chenye ubluu, mbao huonekana kama zina uchafu na sakafu huonekana baridi. Ukiweka rangi ya mchanga, ya maziwa ya mgando, au ya udongo uliofifia, vitu viwili vinasikilizana bila kufanana.

Kuna tatizo la pili ambalo mafundi hawalitaji mara nyingi. Mbao haikai na rangi moja. Mvule ukitoka kwenye randa ni wa manjano, na mwanga ukiupiga miaka inavyokwenda, hugeuka kahawia. Makabati ya Mama yalikuwa karibu na rangi ya asali nilipokuwa mtoto. Leo yanakaribia kahawa isiyotiwa maziwa. Kigae cha kauri ngumu, kwa upande wake, kimechomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, na hakina tena nia ya kubadilika. Anayelinganisha vipande viwili dukani analinganisha siku moja ya maisha ya mbao na maisha yote ya kigae. Ndiyo maana kuacha nafasi kati ya rangi hizo mbili ni jambo la akili. Kinachofanana leo kitatofautiana kesho kwa namna ambayo hukuichagua. Kinachotofautiana vya kutosha leo kina nafasi ya kuendelea kuwa na mwenzake anayebadilika.

Dukani, hata hivyo, kinachosukumwa zaidi siku hizi ni kigae kinachoigiza mbao. Picha ya ubao halisi hupigwa, kisha mashine huichapa juu ya kigae kwa wino kabla hakijachomwa. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Ukikaribia na kuwa na subira, utaona kifundo kilekile cha mbao kikijirudia baada ya vigae kadhaa, jambo ambalo hakuna mti uliowahi kulifanya. Je, huu ni uongo? Na kama ni uongo, una ubaya gani?

Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu taa saba za usanifu majengo, aliweka taa moja ya ukweli, na chini yake akalaani kupaka kitu kimoja rangi ili kionekane kuwa kingine, kwa mfano mbao iliyopakwa ionekane marumaru. Lakini Ruskin huyohuyo aliruhusu jengo kupakwa dhahabu. Sababu yake ni kwamba hakuna anayeona ukuta uliopakwa dhahabu akadhani ukuta wote ni dhahabu, wakati pete iliyopakwa dhahabu humdanganya mtu kweli. Uongo, kwa maana hiyo, hautegemei kitu peke yake. Unategemea yule anayekitazama anaamini nini.

Watanzania tumeshaliamua jambo hili kwa ulimi. Kigae chochote cha sakafuni tunakiita marumaru, ingawa marumaru yenyewe ni jiwe linalochimbwa ardhini. Hakuna anayeshtaki duka kwa kuuziwa marumaru isiyo jiwe. Vivyo hivyo, hakuna anayeingia jikoni, akakanyaga kigae chenye picha ya mbao, akahisi ule ubaridi wa kauri kwenye unyayo, kisha akaendelea kuamini yuko juu ya mvule. Jicho linaweza kupotea kwa sekunde mbili. Mguu haupotei hata kwa moja. Kwa hiyo siwezi kukikataa kigae hicho kwa kosa la kudanganya. Nilikikataa kwa sababu nyingine, nayo ni jicho la kushoto la Mama.

Mtu mwenye mtoto wa jicho huona kama anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Rangi hufifia, na mahali kitu kimoja kinapoishia na kingine kuanza hupotea. Sakafu ya kahawia chini ya makabati ya kahawia humnyima ule mpaka anaouhitaji ili ajue kabati linaishia wapi na sakafu inaanzia wapi. Mng'ao humsumbua pia. Mwanga wa dirisha ukipiga sakafu inayometa, hutawanyika machoni mwake na kumpofusha kidogo. Tazama basi jinsi mambo yanavyokutana. Ile tofauti ya rangi ambayo fundi anaipendekeza kwa ajili ya urembo ndiyo inayomsaidia mama mzee asigonge goti kwenye kona ya kabati. Ule mng'ao ambao fundi anausifu kwa ajili ya urembo ndio unaomuumiza. Urembo haukuwa upande mmoja na usalama upande mwingine. Walikuwa wamechanganyika, na ilibidi kuwatenganisha mmoja mmoja.

Hadi hapo mambo yangekuwa rahisi. Kisha Mama akasema anachotaka. Alitaka marumaru nyeupe zinazong'aa, zile ambazo ukipita unajiona.

Mdogo wangu ndiye aliyeshtuka zaidi. Yeye alikuwa na mpango wa kusugua saruji ileile ya zamani, kuziba nyufa, kuipaka kinga, na kuiacha kama ilivyo. Kama ingeshindikana, basi terazo, ile saruji iliyochanganywa na chembe za mawe na kusuguliwa mpaka ikalainika, iliyovumbuliwa na mafundi wa Venice kwa kutumia mabaki ya marumaru, na ambayo hapa kwetu tumeikanyaga katika shule, hospitali na ofisi za umma za zamani. Alituma kwenye kundi letu la WhatsApp picha za migahawa yenye sakafu za saruji tupu na viti vya mbao. Kweli zilikuwa nzuri. Mama alizitazama, akaniambia kwa simu, "Mwanangu, nimezaliwa kwenye udongo, nimefundishia kwenye saruji miaka 34. Sasa mnataka nizeekee kwenye saruji, mkiiita urembo?"

Sentensi hiyo imenifanya nifikiri kuliko vitabu vingi. Sisi tuliosoma, tuliokulia kwenye nyumba ambazo wazazi walijitahidi ziwe na sakafu ngumu, tumeanza kuona uzuri katika vitu ambavyo wao walivikimbia, yaani saruji tupu, kikapu cha ukindu, kikombe cha bati. Uzuri huo ni wa kweli. Lakini una sharti lisilosemwa, kwamba ionekane wazi kuwa umechagua. Saruji ya mgahawa huko Dar es Salaam inapendeza kwa sababu kila anayeikanyaga anajua mwenye mgahawa angeweza kuweka kitu kingine. Saruji ya Mama kwa miaka 28 haikuwa na sharti hilo. Ilikuwa pale kwa sababu pesa iliishia pale. Kumwambia kwamba sakafu yake sasa ni ya kisasa ni kumwambia kwamba safari aliyokuwa akiifanya haikuwa na mwisho, na kwamba alikuwa ameshafika bila kujua. Anaweza kulikubali wazo hilo. Halazimiki.

Kwa hiyo tulikuwa na mama mwenye haki ya kupata anachokipenda, na kitu anachokipenda ambacho kingeweza kumvunja nyonga. Kigae kinachong'aa kikimwagikiwa maji au mafuta huwa kama maganda ya ndizi. Kaka yetu alisema, "Mpeni anachotaka, ni nyumba yake." Mdogo wetu akasema, "Akianguka ni nani atakwenda kumuuguza? Wewe uko Mwanza." Wote wawili walikuwa na hoja, na hoja zote mbili ni za zamani kuliko familia yetu.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, ana mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Akiwa hajui kuwa ni bovu na hakuna muda wa kumwonya, unaweza kumshika na kumvuta nyuma bila kuuvunja uhuru wake, kwa sababu uhuru ni kufanya unachotaka, naye hataki kutumbukia mtoni. Lakini ikiwa kuna hatari tu, isiyo na uhakika, basi wajibu wako ni kumwonya. Akishajua, uamuzi ni wake. Mfano huo unatusaidia nusu ya njia. Unatuambia tusimfiche Mama ukweli, wala tusimbadilishie vigae kimyakimya tukitumaini hataona. Nusu ya pili hauigusi. Mtu wa Mill huvuka daraja peke yake. Mama yetu akianguka, anaanguka na watu. Kuna atakayeacha kazi, kuna atakayelala sakafuni hospitali, kuna atakayebeba beseni. Anayechagua kwa ajili yake katika familia huchagua pia kwa ajili ya watakaombeba, nao wana neno. Lakini neno lao ni la kusemwa mbele yake, kama ombi. Likisemwa nyuma yake, linakuwa hukumu.

Basi tukamwambia. Na badala ya kumwambia kwa maneno matupu, tulikwenda naye dukani.

Kuna jambo lililonivutia nilipokuwa nasoma kuhusu vigae. Wajerumani wana kipimo cha utelezi ambacho hutumika sana. Kigae huwekwa kwenye jukwaa na kupakwa mafuta. Mtu aliyefungwa kamba ya usalama hutembea juu yake, huku jukwaa likizidi kuinamishwa, mpaka aone hawezi tena kwenda salama. Kutokana na pembe hiyo, kigae hupewa alama kuanzia R9 hadi R13. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo kinavyoteleza kidogo. Pamoja na mashine zote walizonazo, bado wanamuuliza mtu anayetembea.

Plato naye alisema kitu cha jinsi hiyo. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anaeleza vitanda vitatu, kile cha kweli kilicho kwa Mungu, kile cha seremala, na kile cha mchoraji, ambaye yuko mbali zaidi na ukweli. Wengi huishia hapo. Lakini kurasa chache mbele anauliza ni nani anayekijua kitu kwa hakika, na jibu lake ni yule anayekitumia. Mpiga filimbi ndiye anayemwambia mtengeneza filimbi ipi ni nzuri, na mtengenezaji humsikiliza. Wahenga wetu walilisema hilo kwa maneno machache, na wao pia kwa kutumia kitanda: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Dukani tuliomba maji. Muuzaji, kijana mwenye subira, alilaza vigae vitatu chini na kuvimwagia. Mama akavua kandambili, akanishika mkono, akakanyaga kile cheupe kinachong'aa. Mguu ulikwenda. Hakuanguka, lakini alinibana mkono kwa nguvu, kisha akacheka. Akakanyaga cha pili, chenye uso mkavu wa rangi ya mchanga. Mguu ukakaa. Cha tatu kilikuwa na uso mkwaruzo kabisa, nacho kilishika mguu kuliko vyote.

Kama ni usalama peke yake, mjadala ungeishia kwenye cha tatu. Lakini tulikwenda na binti anayemsaidia Mama kazi za nyumbani, ambaye ndiye hudeki, na mimi nilimuuliza maoni yake. Akapitisha kiganja juu ya kile kigae cha tatu akasema, "Dada, hiki kitashika mafuta. Nitakuwa nasugua kwa brashi kila siku, nimepiga magoti." Alikuwa anasema kweli. Ukwaruzo unaouzuia mguu kuteleza huuzuia pia uchafu kuondoka. Usalama wa mmoja ungelipiwa na magoti ya mwingine, na katika hesabu tulizokuwa tumefanya kwa wiki mbili kwenye WhatsApp, magoti hayo hayakuwa na safu yake. Aliongeza kwamba saruji ya kuziba kati ya vigae, ile mafundi wanayoiita grauti, isiwe nyeupe, kwa sababu nyeupe ya jikoni huwa nyeusi ndani ya mwezi na mwenye nyumba hudhani haijasuguliwa.

Mama alichagua cha pili, chenye rangi ya mchanga, na grauti ya kijivu iliyoelekea ukahawia. Kisha akageuka na kuonyesha vile vyeupe vinavyong'aa. "Hivi mniwekee sebuleni," alisema. "Jikoni nataka nisimame. Sebuleni nataka waone." Kaka alilipa vyote, na ilikuwa pesa zaidi ya tuliyopanga.

Siwezi kudai kwamba kila mzozo wa namna hii huisha kwa mama kuchagua kile ambacho wanawe walikuwa wanakitumaini. Angeweza kuvichagua vyeupe kwa jiko pia, baada ya mguu wake kuteleza na baada ya kutusikia wote. Ningesemaje? Nadhani ningemwomba mara ya pili, nikanunua mikeka ya mpira ya kuweka mbele ya sinki na jiko, na nikakaa kimya. Yeye ndiye anayesimama pale. Kitu ambacho nisingekubali ni kumpokonya uamuzi huku nikimwambia kwamba ninafanya hivyo kwa kuwa nampenda. Upendo unaweza kutoka sakafu ya moyo na bado ukawa haujauliza.

Neno hilo sakafu, kwa njia, lilitoka katika Kiarabu, na kule lilikotoka maana yake ni paa au dari. Katika nyumba za mawe za pwani, zenye ghorofa zilizolazwa juu ya boriti, paa la aliye chini ndilo linalokanyagwa na aliye juu. Ukubwa wa jambo lilelile hutegemea unalitazama ukiwa wapi. Sakafu ya jiko ni mandhari kwa mgeni, ni gharama kwa mlipaji, ni kazi kwa anayedeki, na ni ardhi kwa anayepika. Hakuna hata mmoja kati yao anayeiona yote.

Kwa hiyo, ukipewa kazi ya kuchagua sakafu ya kuendana na makabati ya mbao, usianze na rangi. Uliza nani anapika na kwa saa ngapi. Uliza nani anadeki, na muulize yeye mwenyewe. Uliza nani katika nyumba haoni vizuri, nani anatambaa, nani anatembelea fimbo. Uliza nani atalala hospitali mtu akianguka. Mwaga maji, vua viatu. Ukishayapata majibu hayo, utashangaa ni rangi ngapi bado zimebaki mezani zinazooana na mbao zako. Hapo sasa mwite fundi, na akikuambia kwamba hii inapendeza, unaweza kumwamini.